Monita ya Chogo: Isome Kabla ya Kuifungua

Monita ya chogo, ile yenye tyubu ya kioo inayochomoza nyuma, ikiugua, ugonjwa wake huonekana kwenye kioo chake yenyewe. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati, picha iliyogeuka njano, ukungu unaoondoka baada ya robo saa, mlio wa tiki-tiki-tiki bila picha yoyote: kila dalili ina mahali pake ndani ya boksi, na anayezijua dalili anaweza kusema pa kuanzia kabla hajagusa skrubu hata moja. Hasara nyingi kwenye vijiwe vya mafundi hutokana na bisibisi kutangulia macho. Kava linafunguliwa, aisi ya kwanza inayotiliwa shaka inang'olewa, njia za shaba kwenye bodi zinabanduka kwa moto, na monita iliyokuja na kosa moja inaondoka na makosa matatu. Kisha mwenye mali anaambiwa kwamba hizi za zamani hazitengenezeki.

Zinatengenezeka, ila kwa mpangilio: uliza, jaribu vya nje, soma picha, na mwisho kabisa ndipo ufungue. Ukifuata mpangilio huo, monita nyingi zitapona bila kufunguliwa, na zitakazobaki utajua ni zipi za kwako na zipi za fundi.

Inastahili kutengenezwa?

Fanya hesabu kabla ya kubeba mzigo wa kilo kumi na tano hadi kijiweni. Monita ya chogo ya inchi 17 hula takriban wati 80. Flati ya ukubwa huo hula kama wati 30. Tofauti ya wati 50 kwa saa nane za kazi ni uniti 0.4 kwa siku, yaani uniti moja ya Luku kila baada ya siku mbili na nusu. Stesheneri yenye monita kumi za namna hiyo inapoteza uniti nne kila siku. Kama kazi yako ni kuchapa barua na kutoa fotokopi, nunua flati ya mtumba, usihangaike.

Zipo hata hivyo sababu za kuitengeneza. Mashine ya zamani ya kudarizi, ya kukatia chuma au ya kupimia magurudumu mara nyingine hutoa picha kwa mtindo ambao flati za leo huukataa, na kubadili mfumo mzima kungegharimu mara nyingi zaidi ya transista moja. Wapenzi wa gemu za zamani wanajua kuwa chogo haina ule ucheleweshaji kati ya kidole na picha. Na kijana anayesomea elektroniki VETA Chang'ombe au Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam hatapata darasa lililokamilika kuliko hili: pawa saplai, vikuza mawimbi, sumaku na umeme mkubwa, vyote ndani ya boksi moja.

Kuna jambo la historia linalorahisisha kazi yetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake vya kwanza, ITV ikiwamo. Kompyuta zilipoanza kumiminika Dar es Salaam miaka ya 1990, kampuni ya IBM ilikwisha kutoa mfumo wa VGA tangu 1987. Kwa hiyo monita za maandishi ya kijani na zile za plagi ya pini 9 ni nadra mjini hapa. Karibu kila chogo utakalokutana nalo kati ya Posta, Magogoni na Kariakoo lina plagi ya pini 15 zilizopangwa safu tatu, na unachojifunza kwenye moja kitakufaa kwenye nyingine.

Uliza kabla ya kuwasha

Kama monita ni ya mtu mwingine, usiiwashe kabla hujamhoji. Kama ni yako, jihoji mwenyewe. Maswali ni manne.

La kwanza: ilikufa lini, umeme ulipokatika au uliporudi? Iliyokufa umeme uliporudi huwa imeumia upande wa kuingizia umeme: fyuzi, kifaa cha kuondoa sumaku kinachoitwa posista, au transista ya pawa saplai. La pili: ilikufa ghafla au ilianza kusuasua? Ile iliyokuwa ikichelewa kuwaka, kila wiki ikizidisha dakika, inaelekeza kidole kwa kapasita zilizokauka. La tatu: ukiipiga kibao inarudi? Basi kuna risasi iliyopasuka kwenye mguu wa kifaa fulani. Usiendelee kupiga, maana kila kibao kinaongeza ufa. La nne: inasumbua zaidi asubuhi za Masika? Hapo unatafuta unyevu, vumbi na chumvi.

Swali hili la nne lina uzito wake kwa mtu wa Magogoni. Ofisi zinazotazama kivuko, soko la samaki la Feri na lango la bandari hupigwa na upepo wenye chumvi mwaka mzima. Chumvi ikikaa juu ya vumbi, kisha ikaja hewa nzito ya Machi hadi Mei, vumbi lile linapitisha umeme. Utasikia monita ikinong'ona "sss" kwa nyuma, na utanusa harufu kali ya hewa iliyochomwa na cheche. Monita hiyohiyo ukiipeleka Kimara inaweza kutulia yenyewe, na fundi wa huko akakwambia haina ubaya wowote.

Vya nje, ambavyo havigharimu kitu

Anza na lebo ya nyuma. Ukisoma "100–240V", sawa. Ukisoma 100V au 120V pekee, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Japani au Marekani. Ukiichomeka kwenye volti 230 za TANESCO bila transfoma, umeiua. Kisha badilisha waya wa umeme na soketi. Linaonekana dogo, lakini plagi zilizolegea kwenye ekstensheni za bei rahisi zimepeleka monita nyingi kwa fundi bila sababu.

Sasa chomoa kebo ya picha kwenye kompyuta, acha monita ikiwa imewashwa. Monita nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zitaandika zenyewe kwenye kioo kwamba hakuna mawimbi au kebo imechomolewa. Maandishi hayo yakitokea safi, yenye rangi zote, monita yako ni nzima; mgonjwa ni kebo, kompyuta au mpangilio wa picha. Jaribio hili la sekunde kumi litakuokoa safari nyingi.

Rangi ikiwa imekosea, kebo ndiyo ya kwanza kushukiwa, na rangi yenyewe inataja pini. Nyekundu hupita pini ya 1, kijani pini ya 2, bluu pini ya 3. Nyekundu ikikatika, nyeupe yote hugeuka bluu-kijani kama maji ya Mbudya. Kijani ikikatika, picha huwa zambarau. Bluu ikikatika, huwa njano. Tikisa kebo karibu na plagi huku ukitazama. Rangi ikija na kuondoka, waya umekatika ndani ya ganda. Ukiitazama plagi usishtuke kuona pini ya 9 haipo, kwa sababu plagi nyingi hutengenezwa bila pini hiyo, na baadhi hukosa nyingine pia. Cha kutafuta ni pini iliyopinda au iliyozama ndani.

Picha ikiwa imegawanyika, inakimbia, au monita inaandika kwamba imezidiwa, kompyuta inailetea kasi isiyoiweza. Washa kompyuta kwa hali ya picha ndogo, 640 kwa 480 kwa hezi 60, kisha panda taratibu. Kwa inchi 17, nukta 1024 kwa 768 kwa hezi 85 ni kipimo kinachopumzisha macho. Hezi 60 humeremeta na kuumiza kichwa, na huo si ubovu.

Mabaka ya rangi kwenye kona husababishwa na sumaku. Ondoa spika zilizo karibu, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya sumaku, usikie ule mgurumo mfupi. Usikibonyeze tena papo hapo: posista inahitaji dakika ishirini hivi kupoa ndipo ifanye kazi kikamilifu.

Picha ikiwa inayumba kama inapumua, chungulia chini ya meza. Ofisi nyingi za mjini huweka stebilaiza pembeni kabisa mwa monita, na ndani ya stebilaiza mna transfoma kubwa. Umeme wetu ni wa hezi 50; picha ya hezi 60 ikikutana na sumaku ya hezi 50, inatikisika mara kumi kwa sekunde, ambayo ni tofauti ya namba hizo mbili. Sogeza stebilaiza mita moja na nusu, picha itasimama.

La mwisho hapa: kama monita ni Sony Trinitron au ndugu zake, mstari mmoja au miwili myembamba ya kivuli iliyolala upana mzima wa kioo si kasoro. Ni nyaya zinazoshikilia wavu wa ndani, zimekuwapo tangu kiwandani. Usimlipe mtu kuziondoa.

Kioo kinapozungumza

Vya nje vikishindwa, kaa mbele ya kioo utazame.

*Haina taa, haina mlio.* Umeme haufiki. Fyuzi, swichi, au pawa saplai. Fyuzi iliyokatika huku kioo chake kimetapakaa weusi imekatwa na shoti kubwa, na kuweka mpya bila kutafuta shoti ni kuichoma bure.

*Tiki-tiki-tiki, taa inawaka na kuzima.* Pawa saplai ni nzima, inajaribu kuamka, inakuta mzigo mzito, inajizima. Mshukiwa wa kwanza ni transista kubwa ya mlalo, ile inayoendesha flaibeki, yaani transfoma ya umeme mkubwa. Wa pili ni flaibeki yenyewe.

*Mstari mmoja mweupe uliolala.* Sehemu ya kutanua picha kwenda juu na chini imelala. Punguza mwangaza mara moja, kwani mstari huo utaunguza unga wa kioo na kuacha kovu la kudumu. Kisa chake mara nyingi ni risasi iliyopasuka kwenye aisi ya wima, ambayo hufungwa kwenye bati la kupozea na hupata moto na baridi kila siku. Hili ni kosa jepesi.

*Mstari mmoja uliosimama.* Hili ni la nadra. Yoki, yaani koili zilizokumbatia shingo ya tyubu, imekatika upande wa mlalo au plagi yake imelegea.

*Picha imebonyea ubavuni, au imekuwa nyembamba.* Kapasita na risasi za sehemu ya kurekebisha upana.

*Ukungu unaoondoka ikipata moto.* Tyubu inazeeka, au soketi ya shingoni imeingiwa na unyevu. Ukungu usioondoka kabisa unaweza kurekebishwa kwa kitufe cha fokasi kilicho juu ya flaibeki.

*Mwanga mkali kupita kiasi, na mistari ya mshazari nyuma ya picha.* Volti ya skrini imepanda. Kuna kitufe cha pili kwenye flaibeki, chini ya kile cha fokasi, na mguso mdogo sana unatosha. Kama hata hivyo mwanga unapanda tena baada ya siku chache, flaibeki au rezista ya bodi ya shingo inakufa.

*Rangi moja imetawala kioo chote.* Transista ya rangi hiyo kwenye bodi ya shingo imepiga shoti, au ndani ya tyubu vipande viwili vimegusana. La kwanza linatengenezeka. La pili ni la tyubu, na tyubu mpya hazipatikani.

*Picha inavimba ikiwa nyeupe na kunywea ikiwa nyeusi.* Umeme mkubwa umelegea: flaibeki imechoka, au kapasita za pawa saplai zimekauka.

Andika dalili yako kwenye karatasi. Hata usipoitengeneza mwenyewe, fundi atakayekusikia ukisema "inapiga tiki-tiki, ilianza umeme uliporudi" atajua hazungumzi na mtu wa kubabaishwa.

Pa hatari

Ndani ya monita ya chogo kuna mahali pawili panapoweza kuua, hata ikiwa imechomolewa.

Pa kwanza ni kapasita kubwa ya pawa saplai. Volti 230 za ukutani zikigeuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja hufika takriban volti 325, na kapasita hiyo huzitunza. Itoe chaji kupitia rezista ya omu elfu mbili ya wati 10 au balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda zuri, kisha pima kwa mita hadi zibaki volti chache. Wanaoipiga shoti kwa bisibisi huharibu bodi na macho yao.

Pa pili ni tyubu yenyewe. Chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu kuna takriban volti 25,000 monita ikiwaka, na kioo hubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Chukua bisibisi ndefu nyembamba yenye mpini mzuri wa plastiki, fungia waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya iunge kwanza kwenye ule msuko wa nyaya usio na ganda unaopita mgongoni mwa tyubu. Msuko huo, si chuma chochote tu. Mkono mmoja uwe nyuma yako, mwingine usukume bisibisi chini ya kofia hadi iguse chuma cha ndani. Utasikia "tak", au hutasikia kitu. Rudia baada ya dakika chache, maana chaji hurudi kiasi.

Vua pete, bangili na saa. Vaa viatu, simama pakavu. Awepo mtu mwingine anayejua swichi iko wapi. Usiishike tyubu kwa shingo yake nyembamba wala usiigonge: ndani hamna hewa, na ikipasuka vioo huruka. Kama hujawahi kumwona fundi akifanya haya kwa macho yako, usianze na makala. Mwombe fundi akuoneshe kwanza. Na kama umeishia kwenye majaribio ya nje tu, hakuna aibu, nusu kubwa ya kazi imekwisha.

Ndani ya boksi

Kwa aliye tayari, kazi ya kwanza ni usafi. Brashi laini ya rangi, kavu, ondoa vumbi lote. Kofia ya mpira na eneo linaloizunguka lifutwe kwa spiriti, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwa monita za Magogoni zinazonong'ona wakati wa mvua, usafi huu peke yake mara nyingi ndio tiba. Ukiona ukungu wa kijani kwenye miguu ya vifaa, hiyo ni shaba iliyoliwa na chumvi. Futa kwa spiriti na mswaki wa zamani.

Kazi ya pili ni macho. Geuza bodi, weka taa pembeni, tafuta duara jembamba jeusi linalozunguka mguu wa kifaa. Hiyo ndiyo risasi iliyopasuka. Anza na vifaa vizito na vya moto: flaibeki, transfoma ndogo inayoendesha transista ya mlalo, aisi ya wima, plagi ya yoki. Nyonya risasi ya zamani, weka mpya. Kuongeza risasi mpya juu ya ile iliyochoka ni kuahirisha tatizo.

Kazi ya tatu ni kapasita. Iliyovimba kichwa au kuvuja inaonekana, ila nyingi hukauka bila kubadilika sura, hasa zilizopangwa jirani na mabati ya kupozea. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata nusu ya maisha ya kapasita. Kwa joto la Dar, ndani ya boksi lililofunikwa kitambaa, usishangae.

Kazi ya nne ni transista ya mlalo. Weka mita kwenye dayodi, pima kati ya mguu wa kati na wa tatu, pande zote mbili. Ikilia kotekote, imekufa. Lakini usiishie hapo, kwa sababu transista hii mara chache hufa yenyewe. Tafuta aliyeiua: flaibeki yenye shoti, kapasita iliyokauka, au risasi iliyopasuka kwenye ile transfoma ndogo. Ukiiweka mpya bila kumpata, itadumu sekunde.

Hapo ndipo balbu inapoingia. Kabla ya kuwasha baada ya matengenezo, unga balbu ya waya ya wati 100 kwenye njia moja ya umeme unaoingia, badala ya kuchomeka moja kwa moja, na uchomoe kwanza plagi ya koili ya kuondoa sumaku ili isikudanganye. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, shoti bado ipo, na umeokoa transista yako. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Fyuzi irudishwe kwa namba ileile iliyoandikwa kwenye bodi. Waya wa shaba uliopindwa mahali pa fyuzi huwasha monita leo na kuwasha nyumba kesho. Kama fyuzi inakatika kila unapowasha, jaribu kuondoa posista. Monita ikiwaka bila hiyo, umempata mbaya wako; itaendelea kufanya kazi, ila haitajiondolea sumaku hadi ununue nyingine.

Kununua spea Kariakoo

Mitaa ya Aggrey na Likoma imetekwa na simu. Spea za chogo utazitafuta kwa kuulizia kwenye maduka ya vifaa vya redio na kwa mafundi wenye mizoga. Beba kifaa kibovu mkononi. Namba iliyopigwa picha husomeka vibaya, na muuzaji mwenye haraka atakupa "inayofanana".

Hapo kwenye "inayofanana" ndipo mafundi wazuri wa TV hukosea na monita. TV yetu huchora mistari 15,625 kwa sekunde. Monita huanzia kwenye 31,500 na nyingine huzidi 90,000. Transista ya mlalo iliyong'olewa kwenye TV inaweza kuwa na volti na nguvu za kutosha, lakini haiwezi mbio hizo. Itachemka na kufa. Angalia pia herufi D mwishoni mwa namba za aina kama BU2508: yenye D ina dayodi na rezista ndani yake, isiyo na D haina. Hazibadilishani ovyo, na yenye D ukiipima kwa mita itaonesha usomaji mdogo kati ya mguu wa kwanza na wa tatu hata ikiwa nzima.

Kapasita: volti isipungue ya asili, ikizidi kidogo si neno, joto liwe nyuzi 105, si 85, ukubwa wa mwili uwe karibu na wa zamani. Kapasita nyepesi ajabu kwa namba zilizoandikwa juu yake iache dukani. Flaibeki lazima namba ilingane herufi kwa herufi, na kwa kuwa mpya ni adimu, mzoga wa monita ya aina ileile una thamani kuliko duka zima.

Ukimwachia fundi, kubaliana naye bei ya kukagua kwanza, tofauti na bei ya kutengeneza. Mwambie kwa heshima: "Fundi, kitakachobadilishwa naomba unirudishie kile cha zamani." Fundi mwaminifu hatakasirika. Na atakapokuitia monita yako, kaa nayo ikiwaka walau saa moja palepale, kwa sababu makosa ya risasi na joto hujificha dakika kumi za kwanza.

Isirudi kwa fundi

Umeme ukikatika, chomoa monita, usizime kitufe tu. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie. Usiifunike nailoni ikiwa ya moto. Kitambaa cha pamba kitafaa ikishapoa. Wakati wa Masika, monita isiyotumika iwashwe nusu saa kila wiki ili ijikaushe kwa joto lake. Iliyokaa stoo miaka isiwashwe moja kwa moja: isafishwe, ikaushwe siku moja mahali penye hewa, kisha iwashwe kupitia balbu.

Na tyubu ikifa, ukubali. Usimpe kijana wa skrepa aipasue barazani kwa ajili ya shaba ya yoki. Kioo cha tyubu kina madini ya risasi, na unga wa ndani haufai kuvutwa. Iuze nzima kwa fundi anayehitaji mzoga, au waulize NEMC, baraza la mazingira, ni akina nani wanaopokea taka za kielektroniki kwa utaratibu.

Kwa hiyo jiwekee mpaka huu. Waya, kebo, mpangilio wa picha, sumaku na vumbi ni vyako. Risasi iliyopasuka, kapasita na fyuzi ni vyako pia, ukishajifunza kutoa chaji mbele ya mwenye uzoefu. Transista ya mlalo, flaibeki na bodi ya shingo mpe fundi, ukiwa na karatasi yako ya dalili mkononi. Na tyubu iliyokufa usimlipe mtu yeyote.